Funguo Usizirudishe

Rukiya mwanangu,

Nimekusikia ukivuta mlango wa chini, nikatulia mpaka sauti ya viatu vyako ikapotea kichochoroni. Umekwenda kuaga. Najua sitakuona mpaka isha iwe imeswaliwa, maana kuaga Lamu si kupita mlangoni na kusema kwaheri. Kila nyumba utakalishwa, utaombewa dua, utatiwa kaimati mkononi, kisha uulizwe hiyo Kisumu iko upande gani na kama kuna Waislamu. Kwa hivyo nina wakati, na hakuna wa kunikatiza ila baba yako, naye yuko juu darini anatengeneza redio ambayo haikuharibika.

Habari za safari sikuandikii. Utakula nini, utavaa nini, utaweka wapi pesa zako, hayo una akili nayo, na kazi ya maabara umesomea miaka chungu nzima bila mimi kukushika mkono. Samaki wa maji baridi utamzoea. Usipomzoea, utakula maharagwe kama watu.

Nakuandikia kwa lile jambo la Jumatatu.

Pengine umeshalisahau, maana wewe huna kinyongo, umemfuata baba yako. Nilikutilia funguo za nyumba kiganjani, hizi zenye utepe mwekundu, nikakwambia, "Shika, ni zako." Ukacheka. Ukanirudishia na vidole ukanifumba wewe mwenyewe, kama mtu anayempa mtoto peremende, ukasema, "Mama, funguo kaa nazo wewe. Mimi Kisumu nitafungua mlango gani?" Niliposhikilia, ukakunja uso. "Na usijichulie, Mama. Watu hugawa nyumba wakiwa wagonjwa. Unaumwa wewe?"

Siumwi. Presha ninayo, kama kila mwanamke wa rika langu mtaani humu, na goti la kushoto linanikumbusha kila ngazi. Ghadhabu ilikuwa imeshanipanda, nikaingia jikoni nikaanza kugonga masufuria. Ulidhani nimekasirika kwa kukataliwa. Sivyo, mwanangu. Nilikasirika kwa sababu maneno yale ni yangu. Niliyasema mimi, ndani ya nyumba hii hii, siku ya harusi yangu, na yalitutesa wote.

Vipande vya kisa hiki unavyo, kila mtu mtaani anavyo, na kila anayesimulia hutia chumvi yake. Leo kisikie kwa mwenyewe.

Babu yako alinipa nyumba hii siku niliyoolewa. Hilo halikuwa ajabu, ndiyo desturi yetu, binti akiolewa hupewa nyumba na mume ndiye anayehamia. Alisimama pale kwenye daka la mlangoni, wageni wamejaa kwenye viti vya mawe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, "Nyumba hini ni ya Zena. Nimempa, na nyinyi nyote ni mashahidi." Kisha akanipa funguo. Na mimi, mtoto niliyelelewa kwa adabu, biharusi na hina yangu haijakauka vizuri, nilifanya nini? Nilimbusu mkono, nikamrudishia funguo zake. Nikamwambia, "Keti nazo, baba. Mimi na nyumba sote ni wako." Watu walilia kwa furaha. Mabibi wakapiga vigelegele. Ati huyo ndiye mtoto! Mpaka leo kuna wanawake humu mtaani wanaowasimulia mabinti zao adabu yangu ya siku ile, na mimi nikiwasikia hutamani kuwarushia kiatu.

Kwa sababu babu yako alikaa nazo kweli. Alikaa kwenye chumba chake kile cha wikio, kilichopita juu ya kichochoro, akipokea kodi ya duka la chini, akiita fundi wa chokaa akitaka, akifunga mlango usiku na kuufungua alfajiri. Nami nilimwona ni sawa. Ningemwambiaje baba yangu atoke? Ningemwombaje funguo nilizomrudishia mwenyewe mbele ya watu? Tukaishi hivyo kwa raha, nyumba ikiitwa ya Zena na mwenyewe Zena hana hata kitasa.

Alipofariki, Mjomba wako Athmani akaja kutoka Mombasa kuzika. Tulilia pamoja, tukasoma hitima pamoja. Arubaini ilipopita akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, na nyumba tunaigawaje?"

Nilidhani amechanganyikiwa kwa msiba. Nikamwambia nyumba haigawiwi, ni yangu, na yeye mwenyewe siku ile alikuwepo, alikula pilau. Akasema ndiyo, alikuwepo. Na aliona funguo zikirudi.

Tukaenda kwa Kadhi. Nilikwenda na mashahidi wangu wazee, wamevaa kanzu zao za Ijumaa, kila mmoja tayari kuapa. Kadhi aliwasikiliza wote kwa heshima, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza swali moja tu. "Bi Zena, baba yako alipokupa nyumba, uliipokea?" Sikuelewa. Akafafanua kwa utaratibu kama anayefunza darasa: zawadi ikitamkwa bado ni maneno, inakuwa zawadi anayepewa anapoitia mkononi. Na nyumba hutiwa mkononi vipi? Mtoaji hutoka, yeye na vitu vyake, mpewaji akashika funguo. "Sasa niambie, baba yako alitoka? Funguo ulizishika?"

Ningeweza kusema uongo. Wale wazee wangeniunga mkono, walinipenda. Lakini mbele ya Kadhi, na baba yangu kaburini hata mvua haijampiga, ulimi ulikataa. Nikasema, "Nilizishika, Sheikh, nikamrudishia." Akatikisa kichwa kwa huzuni, si kwa ukali. Alisema adabu yangu Mungu ataniandikia, ila nyumba haikutoka kwa baba, kwa hivyo ni mirathi. Ndugu wa kiume mafungu mawili, mimi fungu moja.

Nisikilize vizuri hapa, Rukiya. Sheria siilaumu, sheria ilikuwa na haki yake na kila mmoja alipewa alichogawiwa na Mola wake. Babu yako alitaka jambo jingine na alikuwa na ruhusa ya kulitaka, alikuwa hai na mzima, mali ni yake. Sisi wawili, yeye kwa huruma na mimi kwa adabu, ndio tulioliharibu. Tulioneana haya. Katika nyumba zetu watu hawaogopi kifo kama wanavyoogopa kuonekana wanakisubiri.

Kilichofuata ndicho ninachokionea aibu hasa. Mjomba wako akahamia vyumba vya chini. Mimi nikabaki juu. Na kwa miaka, mwanangu, miaka, hatukusemezana. Nyumba moja, ngazi moja, kisima kimoja! Akiteka maji nami nataka kuteka, nasimama nyuma ya pazia mpaka aondoke. Tukiwa na la kuambiana twamtumia baba yako. "Mwambie dada bomba la juu linavuja." Baba yako anapanda ngazi. "Mwambie akazibe masikio yake, asisikie linavyovuja." Baba yako anashuka ngazi, njiani analipunguza makali, anafika chini anasema, "Dada yako anasema ataangalia." Maskini mume wangu. Alisema siku moja kwamba yeye ameoa nyumba yenye nti mbili, na hana pasipoti ya hata moja.

Watu walijaribu kutupatanisha. Bi Mwanakhamisi wa mlango wa mbele, mama yako wa ziwa, aliyekunyonyesha nilipolazwa baada ya kukuzaa, alikuja kila Ramadhani kunisihi. Nilimfukuza kwa maneno ambayo hayaandikiki. Akaniambia tu, "Usipoziba ufa, Zena, utajenga ukuta," akaenda zake. Kesho yake akarudi na bakuli la tambi kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Aliyeuziba ufa ni wewe. Hukumbuki, ulikuwa hata kutamka "Athmani" hujui, wala ami na mjomba kuwatofautisha, ukimwita Ami Mani. Ulikuwa unashuka na uji wa jioni, nami sikukutuma. Unamwambia, "Mama anakusalimu." Kisha unapanda na sahani ya tende, unaniambia, "Ami Mani anakusalimu." Naye hakukutuma. Mwongo mkubwa wewe! Mimi huko juu nawaza, ehe, leo ameona haya. Yeye huko chini anawaza vivyo hivyo. Mpaka siku moja akapanda ngazi mwenyewe, akasimama nje ya pazia, akasema, "Dada, na mimi nakusalimu. Hizi salamu zako zimenishinda." Nikamwambia salamu zipi. Tukatazamana. Tukakutazama wewe, unakula tende zake.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, kisha akalia, na mimi vilevile. Lo, vilio vya siku ile! Hasira nilizozilea kama mtoto nilizitafuta zisionekane zimeingia wapi.

Haukupita muda mrefu akaniambia anataka kunipa mafungu yake mawili. Wanawe amewaeleza, wana nyumba yao Mombasa, wameridhika. Nikamuuliza kwa nini, mali ni yake kwa hukumu. Akasema, "Kwa hukumu, ndiyo. Lakini maneno ya baba niliyasikia kwa masikio haya, na kila nikilala chini ya dari hili nayasikia tena." Nikaanza yale yale. Nikamwambia, haya, asante kaka, Mungu akujaze, lakini wewe kaa, usijisumbue, funguo zako...

Akanikatiza. "Zena! Hujakoma?"

Asubuhi ile alikunja godoro lake, akalifunga kamba. Akatoa sanduku, akatoa viatu, akatoa birika la kahawa. Akavuka kichochoro, akaketi kwenye daka la Bi Mwanakhamisi na vitu vyake vyote mbele ya watu wanaokwenda sokoni. Alipita mtu na punda wa mchanga akamuuliza, "Vipi Bwana Athmani, umefukuzwa?" Akajibu, "Nimefukuzwa vizuri sana." Mimi naona haya, namwita kwa sauti ya chini, "Kaka, rudi ndani, watu wanaona." Akasema, "Ndiyo nataka waone. Funga mlango."

Nikaufunga. Nikasimama kwa ndani, kiza, funguo mkononi, mara ya kwanza maishani mwangu nimezishika na sikumrudishia mtu. Hapo nikamsikia anavuka kichochoro. Akabisha. "Hodi hapa kwa Bi Zena." Nilitaka kuitika, kilio kikanitangulia. Akabisha tena. Ndipo wewe, uliyekuwa umening'inia kwenye leso yangu, ukaitika kwa sauti yako yote, "Karibu, Ami Mani!" Akaingia na godoro lake. Akaishi chini mle, mgeni wangu, na hakuna siku aliyopanda juu bila kubisha.

Sasa umeelewa kwa nini niligonga masufuria.

Nataka ujue pia kwamba sikukurupuka. Wakili nilimwendea mwaka jana, na baada yake nikaenda kwa Kadhi, huyu wa sasa, kijana mwenye subira. Wakili alinishauri niiweke nyumba wakfu kwa kizazi chetu, isiuzwe milele. Wakfu ni jambo jema na lina thawabu, lakini nilimwambia akaitazame ile nyumba ya wakfu nyuma ya Bi Mwanakhamisi. Wenyewe wameenea mpaka Unguja na Muskati, kila mmoja ana haki, na hakuna anayenunua hata ndoo ya chokaa. Mti umeota ukutani. Nyumba ya wote imekuwa haina mtu. Nikaona bora nikuamini wewe. Uzeeni mwako ukiona hakuna wa kumpa, hapo iweke wakfu, na mimi nitapata thawabu yangu huko niliko.

Kaka yako Twaha shamba la Kililana ni lake, hati imeandikwa jina lake na analima yeye, mimi sijakanyaga huko tangu siku ya kumkabidhi, aliponipa muhogo mmoja na picha ya shamba. Nilimuuliza mbele ya baba yenu kama ana neno juu ya nyumba. Akasema neno lake ni moja, kwamba chumba cha wikio kisipakwe rangi ya waridi. Hilo ni lenu. Ila nilitaka niulize nikiwa mzima, namtazama usoni, si nimwachie aulizwe na Kadhi siku nisiyokuwepo. Mtu akianza kutoa akiwa kwenye maradhi ya mwisho, hesabu inakuwa nyingine, na mrithi haandikiwi wasia ila wenzake waridhie. Ulisema watu hugawa wakiwa wagonjwa. Ndiyo, na ndiyo maana hushindwa.

Wasia nimeuandika kwa yule asiyekuwa mrithi. Bi Mwanakhamisi maziwa yake yako mwilini mwako, lakini kwenye mirathi hana hata kijiko. Kwa hivyo cherehani na bangili zangu mbili zile nzito ni zake, ni ndani ya ile theluthi ya mali ninayoruhusiwa kuusia, wakili amepima. Akitangulia yeye, zinakwenda kwa binti yake kule Kiwayu. Usimwambie. Atazikataa, kisha atazungumza juu yake mwaka mzima.

Liko jambo la pili, nalo nimelichelewesha makusudi kwa kuwa najua hulipendi.

Ulikuwa Mombasa chuoni Mjomba wako alipopigwa na kiharusi, kwa hivyo hukuona. Ulimi ulikwenda, mkono wa kulia ukaenda. Hospitali, wanawe wakasimama wengine upande huu wa kitanda na wengine upande ule, wanabishana apelekwe Mombasa au Nairobi, apasuliwe au asipasuliwe, kila mmoja anathibitisha mapenzi yake kwa sauti. Athmani amelala katikati macho wazi. Mimi nilijua anachotaka. Alishaniambia kwenye daka, tunamenya mapapai, kwamba yeye siku hiyo ikija asizungushwe, atibiwe hapa kwa kinachotibika na arudishwe chumbani kwake asikie adhana ya msikiti wake. Nilijua, na sikufungua mdomo. Niliogopa wanawe waseme shangazi anataka afe haraka. Tazama, miaka yote ile, na bado nilinyamaza kwa haya!

Wakampeleka Nairobi. Alikaa huko siku nyingi na mipira mwilini, akarudi yule yule, maneno yamemrudia nusunusu. Neno la kwanza aliloniambia boti ilipofika lilikuwa, "Ulijua." Nikamwambia nilijua. Akaninyooshea kidole cha mkono ule mzima, kisha akacheka kwa upande mmoja wa uso. Alinisamehe kabla sijaomba. Aliishi miezi kadhaa ya raha chumbani kwake, akisikia adhana yake, akilalamikia chai yangu, akafa usingizini. Sijui kama kifo cha mtu chaweza kuitwa kizuri, lakini kile nakiita hivyo.

Basi na mimi nasema sasa, na nimeiandika, na wakili ameishuhudia pamoja na daktari wa kliniki. Wakili alinionya kwamba karatasi hii haina meno kama hati ya nyumba, lakini daktari mwenye akili akiisoma atajua mgonjwa alisema nini. Nikiugua, nitibuni. Sijachoka na dunia, nitameza kila dawa na nitachomwa kila sindano. Ila wakisema wajuzi wawili, si mmoja, kwamba hakuna kurudi na kilichobaki ni mashine kunipigia pumzi, msinining'inize. Nirudisheni nyumbani. Nisomeeni Yasini taratibu, si kwa mbio kama mnaowahi boti.

Na wa kuzungumza na madaktari ni wewe. Usidhani ni kwa sababu nakupenda zaidi. Baba yako atazirai. Twaha atauza shamba na trekta aninunulie siku mbili. Wewe ndiwe unayeweza kusikia habari mbaya ukauliza swali linalofuata. Nilikusikia ulivyokuwa wakati wa Mjomba wako, ulipiga simu ukiuliza amekojoa kiasi gani wakati sote tunalia. Wenzio walisema una moyo mgumu. Mimi nilisema moyoni, huyu ndiye.

Najua kinachokusumbua. Nilikusikia mara moja, ukidhani nimelala, ukimwambia baba yako kwamba ukipokea nyumba utakuwa umefungwa. Kwamba binti mwenye nyumba Lamu anatakiwa aolewe Lamu, azae Lamu, amtunze mama Lamu. Hilo nalijua, nimeliishi. Na mtaani wameshaanza. "Nyumba hupewa biharusi, Bi Zena wampa msafiri?" Nikawajibu, ndiyo, msafiri ndiye mwenye haja na mlango.

Sikupi kamba, Rukiya. Kaa Kisumu mpaka uzeeke ukitaka. Olewa na mtu wa huko, mradi anaswali na ananiogopa kidogo. Ipangishe nyumba, iuze ikibidi, sitafufuka kukugombeza. Nakupa ili siku kazi itakapokuchosha, au mume atakapokuchosha, au dunia tu, usijiulize utakwenda wapi. Mimi niliishi miaka nikisema ni kwangu na sina funguo. Sitaki ukaishi hivyo hata siku moja, wala Athmani wako asije akatokea, maana si kila mtu hujaliwa Athmani mwenye moyo, na mtoto mwongo wa kumpelekea uji.

Unaona nilivyo, niliapa moyoni sitahubiri. Baba yako ameshuka, anasimama nyuma yangu anasoma. Nimemwambia naye kesho atatoka nje, kwani Kadhi alisema mtoaji na vyake vyote. Ameniuliza, "Na redio?" Na redio. Akasema haidhuru, yeye ni mgeni katika nyumba hii tangu siku ya harusi, sasa angalau atakuwa na mwenzake.

Karatasi ya nyumba umeshatia sahihi, ingawa ulitia huku unatafuna bisi bila kusoma, tabia mbaya sana kwa mtu wa maabara. Imebaki kesho tu. Twaha atavuka alfajiri. Yeye na baba yako watatoa sanduku langu, cherehani, msala wangu na hiyo redio, waviweke kwenye daka la Bi Mwanakhamisi. Ameshapasha kahawa moyoni, amenituma nikuambie usichelewe. Vitanda, makabati na masufuria niliyoyagonga ni vya nyumba, ni vyako. Nitatoka. Goti litanipa taabu kwenye kile kizingiti, usije kunishika, niache nitoke mwenyewe.

Nitakapokutilia funguo mkononi, mwanangu, usinibusu mkono. Usiniambie kaa nazo. Kuwa huna adabu kwa dakika moja tu, mimi nimekuruhusu, na wote watakaotazama nitawajibu mimi. Funga mlango. Kaa kwa ndani kidogo, kwenye kiza, uzisikie uzito wake. Baadaye ukitaka kuniachia ufunguo mmoja nikae wakati haupo, uniachie kwa mkono wako, kwa neno lako, kama mwenye nyumba anavyomwachia mgeni wake.

Boti yako ya kuvukia Mokowe itasubiri, nahodha nimeshamwambia.

Siku ile ya Mjomba wako uliitika kwa niaba yangu, maana mimi nilikuwa nalia. Kesho nitavuka kichochoro nibishe hodi kwenye mlango wako, na safari hii anayelia atakuwa nje. Nikaribishe.

Mama yako,
Zena